Orodha ya Bei Dukani kwa Amissi

Kila asubuhi, kabla Amissi hajafungua mlango wa pili wa duka, nilikuwa nikipanguza vumbi kwenye mizani, nikipanga miche ya sabuni kama matofali, kisha nikinyoosha kona za karatasi niliyoibandika ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefika kona ya tatu Martha aliponigusa bega. Mkononi alishika daftari la shule la mjukuu wake, na kalamu.

"Mwanangu Kasilda, nisomee polepole," alisema. "Nataka kuinakili yote. Wenzetu wa mlimani wanaiulizia, na dada yangu Ursula anarudi Makebuko kesho kutwa. Ataipeleka na kwa watu wa Gitega."

Kidole changu kilibaki pale pale kwenye kona.

Mwaka ule kodi mpya ya ongezeko la thamani ilikuwa imeingia nchini. Mjini Muyinga kila mtu aliitaja, TVA, TVA, lakini wachache walijua inagusa nini na inaacha nini. Rafiki yake Amissi alimletea ukurasa mmoja wa maelezo ya Kifaransa, naye akanikabidhi mimi kwa kuwa nilisomea uhasibu chuoni Gitega. "We ndiye unajua mambo ya makaratasi," aliniambia. "Andika kwa Kiswahili, watu waone." Nikaandika: sabuni, mafuta, sukari, chumvi, maharage, mahindi. Mbele ya kila kitu niliweka bei mpya, iliyoongezwa kumi na nane kwa mia. Mstari wa mwisho wa ukurasa ule ulikatikia kwenye neno "isipokuwa". Niliuona. Ukurasa wa pili haukuwapo, nami niliona haya kuuliza uko wapi, maana Amissi alikuwa amekwisha kuwaita majirani waje kuutazama mwandiko wa msichana wake wa chuo.

Wenyeji hawakuijali karatasi yangu. Leonardi, anayebeba abiria kwa baiskeli, aliitazama siku ya kwanza akacheka.

"Iyo karatasi nayo inakula maharage?" aliuliza. "Mi niko na bei ya jana. Unapima ao niende kwa Chabani?"

Amissi akapima. Kila aliyebisha alipimiwa kwa bei ya zamani.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania hatukubisha. Tuliishi katika kambi ya wakimbizi, mbele ya karatasi za mgao zilizobandikwa ukutani. Ulitafuta jina lako, ukatazama idadi ya watu wa nyumba yako, ukapokea ulichoandikiwa. Wakiandika wanne nanyi mko sita, mlikula cha wanne. Karatasi ya ukutani haikuwa na masikio. Kwa hiyo Martha, aliyekuwa jirani yetu kule na aliyeniuguzia mama yangu alipolazwa, alisoma bei ya maharage, akalipa, akasema asante. Ndivyo kosa langu lilivyowapita watu wengine wote likawachagua watu wangu.

Wiki tatu kabla ya asubuhi hiyo, Amissi alinituma Gitega kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Tulikaa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mushasha, na bwana mwenye sauti ya upole akatueleza hatua kwa hatua. Mazao yanayouzwa kama yalivyotoka shambani hayatozwi kodi hiyo. Sabuni inatozwa, lakini kodi yake imekwisha kuingia katika bei tangu kiwandani, na duka dogo kama letu halina ruhusa ya kuiongeza mara ya pili. Aliuliza kama kuna mwenye swali. Niliinamia daftari langu, masikio yakiwaka moto. Njia nzima ya kurudi Muyinga nilipanga maneno ya kumwambia Amissi. Nilipofika akaniuliza, "Bon, semina ilikuwa vipi?" Nikajibu, "Nzuri." Kesho yake nikaamka, nikanyoosha kona za karatasi.

"Mbona kimya, mwanangu?" Martha aliuliza. Alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi na kulifungua daftari magotini. "Au umechoka na sisi wazee?"

"Hapana, mama. Kwani maharage bado unanunua? Nilidhani shamba limezaa."

"Shamba gani? Hilo la mtoni bado tunaligombania na Ignasi, aliyelikalia tulipokimbia. Nanunua. Zamani nilichukua kilo mbili, sasa moja na nusu, na watoto wanazidisha maji kwenye sufuria." Alicheka kidogo. "Sinung'uniki. Kule tulikuwa watu wa kuhesabiwa tu, kama mbuzi wa mtu. Kodi hulipwa na mwenye kwao. Siku ya kwanza niliyolipa, nilimwambia mjukuu wangu Happy: leo bibi yako amekuwa raia."

Amissi, aliyekuwa akifungua katoni za mafuta nyuma ya meza, aliinua kichwa. "Mama Martha, we iko mteja wa dhahabu. Leonardi aje ajifunze kwako."

"Mi shule yangu iliishia kwenye kubishana," akajibu Leonardi kutoka mlangoni, akisubiri kiberiti chake. "Na nilishinda mtihani."

Wakacheka wote watatu. Mimi niliziona akilini zile sufuria zilizojazwa maji. Nilimwona Ursula akiteremka Makebuko na mwandiko wangu kwenye kikapu.

"Maharage usiyaandike," nikasema. "Wala mahindi."

"Kwa nini?"

Ulimi ulitafuta mlango wa nyuma, ukaupata. "Sheria imebadilika. Mazao hayalipiwi kodi tena."

Martha aliweka kalamu chini. Uso wake ulifunguka taratibu.

"Bwana asifiwe," alisema. "Kumbe wakubwa wametusikia. Jumapili nitasimama kanisani nitoe shukrani. Nitawaambia wote serikali imetuhurumia."

"Imebadilika lini?" Amissi aliniuliza. "Donc, mbona hukunambia?"

Martha alikuwa ameinama tena, anaandika. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, akitamka kila silabi kwa midomo: *wa-me-tu-hu-ru-mi-a.* Wiki tatu nilikuwa nimemdhulumu kwa kunyamaza. Sasa nilikuwa nimesema, na dhuluma ile ile ilikuwa inaingia daftarini imevaa nguo za kanisani.

Nilishika ukingo wa meza.

"Mama, futa hilo."

"Lipi?"

"Hakuna aliyetuhurumia. Sheria haikubadilika." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoizoea, na Leonardi akaacha kuchezea kengele ya baiskeli yake. "Maharage hayakuwa na kodi tangu mwanzo, na sabuni na vile vingine hatukuruhusiwa kuviongezea bei. Niliandika vibaya."

Martha alinitazama, kalamu bado iko juu ya mstari. "Kukosea si dhambi, mwanangu. Umejua leo?"

Angeniacha nipite hapo. Nilimwona akinifungulia njia, kama alivyokuwa akinifungulia mlango wake kambini mvua ikinyesha.

"Nilijua tangu Gitega," nikasema. "Wiki tatu. Ulikuja hapa mara nne, na kila mara nilikupimia mwenyewe. Nilikuacha ulipe, mama, ili mimi nisiaibike."