Pedali Zilipozunguka Bure

Tangu mafuta ya magari yaadimike tena, mji mzima wa Cárdenas, huko Kuba, ulikuwa umerudi kwenye baiskeli, na mzee Evelio, kusema kweli, alikuwa amefurahi kidogo. Ya kwake ilikuwa ya enzi zile za njaa, chuma kitupu, na keria yake ilimjua mkewe Nereida kuliko kiti chochote cha nyumbani. Lakini asubuhi hiyo hakuwa na raha. Alikuwa akimpeleka Nereida njia panda, akachukuliwe na gari la uwanja wa ndege, maana dereva alikataa katakata kuchoma mafuta yake kuingia mjini. Binti yao Odalys alikuwa karibu kujifungua huko Tampa, Marekani. Ruhusa ya kusafiri ilitoka ya mama peke yake, na atarudi lini, hakuna aliyejua.

"Kanyaga, mzee wangu! Ule mkate wa mapera umeula ukaenda wapi?"

"Wewe ndiye umeongezeka, bibi. Zamani nilikubeba na gunia la viazi juu."

"Zamani ulikuwa na meno!"

Walikuwa bado wanacheka pale kitu kilipolia kraa! Pedali zikalegea ghafla, zikawa zinazunguka bure. Meno ya gurudumu la nyuma yalikuwa yameachia: cheni inakwenda, gurudumu limegoma.

Ugonjwa huo nani wa Cárdenas asiyeujua? Miaka ile vipuri havikupatikana hata kwa dawa. Ukiharibikiwa hivyo, unachukua waya, unayafunga meno kwenye spoki, safari inaendelea. Ila ukishafunga, miguu haipumziki tena. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Siku moja mteremko uliwapitisha mbele ya nyumba yao wenyewe bila kusimama, Nereida akiwapungia majirani mkono kama bibi harusi, hadi walipokwama mlangoni kwa mwoka mikate. Njaa ilikuwepo, lakini jamani, walicheka! Evelio aliyakumbuka hayo akiwa amechuchumaa, na roho ikamuuma.

Waya alikuwa nao, mfukoni mwa shati, unamchoma kifua. Akajipapasa suruali.

"Sina waya," akasema.

Nereida alikalia sanduku lake kando ya barabara, akatoa kipande cha mkate, akawa anatafuna taratibu. Evelio akakagua breki. Akakagua tairi. Dereva alishasema hamngoji mtu; wakikawia kidogo tu, Nereida angebaki. Mzee aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na bado akainama kukagua kengele.

Hatimaye Nereida alikung'uta makombo. "Uko kwenye shati, Evelio. Mifuko mingapi nimekushonea kwa sababu ya huo waya?"

Akautoa, akafunga, wakapanda. Mteremko wa mwisho ukawabeba mbio, pedali zikimchapa mzee miguu, breki zikilia tu bila kushika, na gari lenyewe wakalipita.

"Simamisha, mwehu wee!" Nereida alipiga kelele, amemng'ang'ania kiunoni, anacheka hadi machozi. Dereva akabaki mdomo wazi.

Walisimamia mbele huko kwenye majani, wakarudi kwa miguu. Sanduku likapakiwa. Nereida akaingia, akashusha kioo.

"Nisamehe," Evelio akasema. "Nilitaka uchelewe."

"Najua."

"Sasa mbona hukuniambia mapema?"

Nereida alimshika shavu. Hakuwa anacheka tena.

"Waya niliuona tangu tuliposhuka, mzee wangu. Unadhani kipande kile cha mkate ni cha kutafunwa muda wote ule?"

Dereva akatia gia.