Uganga Usiotaka Sauti

Haya nimeyapata kwa mke wa mjukuu wangu, yule fundi cherehani, juma lile alipokuja kunipimia mapazia. Alinisimulia kwa huo mnong'ono alioachiwa, na pumzi ilipomwishia alimalizia kwa mikono, nami sikumharakisha. Mchezo wenyewe sikuujua. Nilimuuliza, nikamuuliza tena, mpaka ukaniingia.

Ni mchezo wa mezani. Kila mchezaji anajitungia mtu wake wa hadithi, anaandika kwenye karatasi nguvu zake na udhaifu wake. Msimamizi anawaeleza wako wapi na yamewafika yapi, nao wanasema watafanya nini. Pakiwa na bahati ndani yake, dadu inaamua. Msimamizi alikuwa mume wa fundi, yaani huyo mjukuu wangu. Wachezaji walikuwa watatu. Fundi mwenyewe. Wifi yake, muuza dawa, ambaye mtu wake alikuwa askari wa upanga. Na kinyozi wa mlango wa pili, rafiki wa mume tangu utoto, aliyecheza mwizi. Walikutana Jumapili mchana nyuma ya duka, kwenye meza ya kukatia vitambaa, wakishafagia vipande na kuokota pini.

Fundi alikuwa na mchawi, bibi mmoja waliyemwita Radi, na Radi alisifika kwa moto. Kitabu cha mchezo kinasema uganga mwingi unataka maneno yatamkwe. Wachezaji wengine huko duniani hutosheka kusema "natupa moto" na kurusha dadu. Fundi hakukubali ulegevu huo. Tangu mwanzo aliweka sharti: anayefanya uganga atamke maneno yake kwa kinywa chake, meza nzima isikie, na isiposikia, basi haukufanyika. Na alikuwa mkali nalo. Zamani kinyozi naye alikuwa na mganga wake. Siku moja kicheko kilimbana katikati ya maneno, akashindwa kumaliza, na fundi akakata shauri kwamba haukufanyika. Mganga wa watu akatumbukia shimoni. Kinyozi alinuna siku nyingi, akaichana ile karatasi, akaandika mwizi.

Halafu fundi akapata uvimbe kooni. Walimpasua, akapona, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni upepo wenye umbo la maneno. Anayetaka kumwelewa ainame. Dukani alizoea upesi. Wateja walionyesha, naye akaonyesha, tepu ikapita mabegani, kazi ikaenda. Iliyomkosesha raha kitandani hospitalini ni ile meza ya Jumapili. Pale ndipo alipokuwa akitamka watu wakaacha kutafuna. Kama hawezi kutamka, Radi si kitu, na kama Radi si kitu, yeye atakuwa anakaa pale kama mgonjwa aliyeletwa apunge hewa.

Jumapili ya kwanza aliyorudi, mume wake aliwaweka kwenye daraja la mawe. Askari wa wifi alikuwa amezingirwa upande wa pili, na wa kumfikia ni Radi tu, kwa moto wake. Meza ikatulia. Fundi akaweka viganja juu ya meza, akavuta pumzi, akayatamka yale maneno. Aliusikia ulimi ukienda mahali pake kwa kila neno, na alijua hakuna kilichotoka. Feni ya dukani ilimshinda.

"Nimesikia," mume wake akasema, akamsogezea dadu.

Wifi akadakia kwamba naye kasikia, tena vizuri sana.

Kinyozi alikuwa anatazama kucha zake. "Mimi sikusikia," akasema.

Wifi alimgeukia kama paka. Alimuuliza kama ni yule mganga wake wa shimoni anayemlipia kisasi, na kama hizo nyembe anazoshika kutwa zimemnyoa mpaka moyo. Mume naye, kwa upole, akamwambia rafiki yake kuna mambo mtu mzima huyaacha yakapita. Kinyozi akajibu kwamba sharti halikuwa lake yeye.

Fundi akagonga meza kwa mpini wa mkasi, wakanyamaza. Akamwelekezea kinyozi kidole, kisha akatikisa kichwa kukubali: ni kweli. Akairudisha dadu katikati ya meza. Halafu akaanza kuikunja karatasi ya Radi, kona kwa kona, anavyokunja nguo ya mteja iliyokwisha. Neno la kinyozi halikumchoma hata kidogo. Lililomchoma ni lile "nimesikia" la mume wake, lilivyotoka upesi, tayari tayari, kama lilikuwa limeshaandaliwa nyumbani.

"Sasa unakwenda wapi, shemeji?" kinyozi akauliza. "Nimesema sikusikia. Nani amekwambia toka?"

Akavuta kitabu cha mchezo kutoka kwenye mfuko wake. Kurasa zilikuwa zimekunjwa pembe, na nywele za wateja zimenasa ndani. Muda wote aliolazwa fundi, kinyozi alikuwa akikisoma kati ya kichwa na kichwa.

"Wewe miaka yote umesoma ukurasa wa moto tu," akasema. "Hebu soma na kurasa za sisi wanyonge."

Akamwonyesha. Kila uganga umeandikiwa juu yake unataka nini: sauti, au mkono, au kitu cha kushika, au vyote pamoja. Mwingi unataka sauti. Lakini kuna mchache, umetawanyika huku na huku, unaotaka mkono peke yake. Tena mchawi habebi uganga wote kwa pamoja. Kila kunapokucha, baada ya kulala, anachagua mchache wa siku ile, na uliobaki unabaki. Fundi alilijua hilo siku zote, ila mkono wake ulikimbilia moto kwanza, na nafasi zikajaa.

Mume akasema vema, abadilishe sasa hivi. Fundi akakataa, akaweka kidole kwenye mstari: baada ya kulala. Radi alikuwa hajalala. Maana yake moto haurushwi, na askari wa wifi haokolewi. Wakamtazama wifi. Aliitazama karatasi yake muda mrefu, maana askari yule alimlea kutoka ngazi ya chini kabisa.

"Basi wamemkamata," akasema. "Ila mkinisahau gerezani, tutaonana nyumbani."

Radi na mwizi wakakimbia, wakajificha kwenye kinu kibovu, na Radi akalala. Kulipokucha huko kwenye hadithi, fundi akashika kifutio. Akafuta moto. Akafuta na ule wa umeme, na ule wa dhoruba. Ilikuwa kama kufumua mshono aliouweka vizuri mwenyewe, uzi kwa uzi. Hakuna aliyempa pole. Mahali pake akaandika uganga wa kuzima taa, wa kulainisha nyayo, na wa kufungua komeo. Kinyozi akauliza sharti la mkono litakuwaje. Fundi akamjibu kwa ishara: lile lile, ufanywe kwa mkono wako, meza nzima ione.

Wakafika gerezani. Fundi akainua mkono. Dole gumba likapita chini ya vidole viwili, kifundo kikageuka polepole, kama ilivyochorwa kitabuni. Wote waliona. Mume akamsogezea dadu, fundi akairusha, ikaviringika mpaka kwenye kopo la vifungo, ikakaa kwenye namba ndogo kabisa.

Mume akaitazama. Fundi akamwona anavyotafuta njia. Kisha akainua macho kwa mkewe, na njia akaiacha.

"Umekosa," akasema. "Komeo limelia. Walinzi wameamka."

"Kumbe mkono nao una makelele," kinyozi akasema. "Sogea, zamu yangu."

Wifi akalalamika kutoka gerezani kwake. Fundi alicheka mpaka mabega yakatikisika, bila mlio wowote, akaivuta karatasi ya Radi karibu na kuinyoosha mikunjo.

Usiku, kitandani, mume alimuuliza kama lile "umekosa" lilimuumiza. Fundi akamshika mkono, akaubana, akamwambia sikioni kwamba Jumapili ijayo akikosa, amwambie vile vile. Mume akapitiwa na usingizi. Yeye akabaki macho kidogo akiulilia moto wake, maana alijua hautarudi. Kisha akajifuta, akamfikiria askari wa wifi na komeo lake, akageukia ukutani, akalala.