Kiwanja cha Vonnie

Corinne Halvorsen hakukitaka kiwanja cha msimu, cha kukodi kambini miezi yote ya joto. Miaka yote waliyokuwa na trela yao ya kulala, yeye na mumewe Duane waliifunga nyuma ya pikapu wakaenda wanakotaka: wiki hii kando ya Mto Mississippi, wiki nyingine ndani ya misitu ya Michigan, na pakiwa pabaya wanafungasha asubuhi na kuhama. Lakini mgongo wa Duane ulikuwa umeanza kumgomea. Kila walipofika kambini, yeye kurudisha trela kinyumenyume na Corinne kupunga mikono nyuma yake, walipigiana kelele mbele ya watu mpaka hamu ya kupumzika inawatoka.

"Hebu fikiria, mke wangu," Duane alimwambia majira ya baridi, wakinywa kahawa jikoni. "Trela inakaa palepale tangu Mei mpaka Oktoba. Maji yameshaungwa, umeme umeungwa, maji machafu yanajiendea yenyewe. Ijumaa unabeba maziwa na nguo za kubadili, basi. Jioni uko ziwani, miguu juu."

"Na jirani akiwa kero?"

"Utamzoea."

"Na mvua ikinyesha msimu mzima? Tutakuwa tunalipia matope. Na nyasi atakata nani? Nimestaafu juzi tu, Duane, wewe unanitafutia uwanja wa pili wa kufyeka."

Duane alicheka, na alipocheka namna ile Corinne alijua kwamba yeye ndiye ameshashindwa.

Kambi ya mapumziko aliyoitaka Duane ilikuwa kaskazini mwa Wisconsin, kwenye ziwa dogo lililozungukwa na misonobari. Watu walisubiri nafasi pale kwa miaka, kwa hiyo wao walijiandikisha bila kutegemea kitu. Lakini mwezi Machi mwenye kambi, mwanamke aitwaye Renae, akawapigia simu. Kiwanja kimepatikana, tena cha mbele kabisa, kinachotazama maji.

"Waliokuwepo wamekwenda wapi?" Corinne aliuliza.

"Waliacha kuja," Renae alijibu, akaingia moja kwa moja kwenye habari za ufunguo wa geti.

Siku waliyofika, Duane hajazima hata injini, bibi mmoja mfupi alikuwa amekwisha kuvuka nyasi kutoka trela ya jirani, mikononi ana pai ya tufaha iliyofunikwa kitambaa. Huyu alikuwa Ardis. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli, kama ya mtu aliyekaa dirishani akingoja wageni.

"Haya, hatimaye! Tulidhani mwaka huu mmetutupa, Vonnie."

"Samahani, mimi naitwa Corinne."

"Ndiyo, ndiyo," Ardis alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyetoka kulala. "Nimepunguza sukari, kama unavyopenda."

Na Corinne, kusema kweli, hakupenda pai yenye sukari nyingi.

Jioni ile vigari vya umeme vya wakazi vilipita kimoja baada ya kingine, na kila aliyepita aliinua mkono. "Karibu tena, Vonnie!" "Gordy, mgongo unasemaje?" Duane alijibu kila mmoja kwa mzaha, akasema ni utani wa wenyeji, wageni lazima wachezewe shere kidogo. Corinne akamuuliza nani aliwaambia habari za mgongo. Duane akasema labda wamemwona anavyotembea.

Mahali penyewe palikuwa pazuri, hilo Corinne hakulikataa kamwe. Asubuhi ukungu ulilala juu ya maji, na ndege wa ziwani walilia kama watu wanaoitana kutoka ng'ambo. Gesi ilipowaishia, mtu alileta mtungi kabla hawajaomba. Mgongo ulipomkaba Duane, Verlyn, mume wa Ardis, alikuja na dawa ya kuchua, kisha akakata nyasi za viwanja vyote viwili huku akipiga mluzi. Mjini walikoishi tangu ujana, jirani alijua rangi ya gari lao tu. Hapa, kukikosekana mtu kwenye mlo wa pamoja wa samaki wa kukaanga wa Ijumaa, watu walikwenda kumgongea. Kufikia mwisho wa Juni Corinne alijikuta akifungasha Alhamisi, akimharakisha mumewe.

Lakini kulikuwa na mambo madogo yaliyomkosesha raha. Ardis aliingia bila hodi, akavuta droo na kutoa kijiko, kumbe vijiko Corinne alikuwa amevihamishia humo jana yake tu. Corinne akapanda maua mekundu kwenye vyungu vya mlangoni. Ijumaa iliyofuata akakuta ya njano.

"Nani kang'oa maua yangu?"

"Jamani, Vonnie," Ardis alisema, akimshika mkono, "si siku zote unapenda ya njano?"

Kilichomtisha hasa ni kwamba aliyatazama yale maua ya njano, akaona yanapendeza zaidi.

Duane kwa upande wake aliacha kusahihisha watu. Mwezi Julai ukimwita Gordy aligeuka mara moja. Mchana alikuwa uwanjani na wanaume wenzake, akirusha viatu vya chuma vya farasi kwenye kigingi, mchezo ambao hakuwahi kuucheza maishani, na kila alichokirusha kilizunguka hewani na kuangukia kigingini kwa mlio mmoja safi. Siku moja wakichoma soseji, akaanza kisa cha samaki mkubwa aliyemvuta mpaka akapinduka na mtumbwi, mwaka ule barafu ilipochelewa kuyeyuka. Watu walicheka mahali pa kuchekea. Verlyn akamalizia maneno ya mwisho.

Walipobaki wawili, Corinne akamuuliza, "Kisa hicho umekitoa wapi?"

"Si ule mwaka ambao..." Duane alijisugua paji la uso. "Sijui. Labda Verlyn alinisimulia."

Kisha binti yao Kirsten akapiga simu kuwaalika Minneapolis. Mjukuu wao wa kwanza alikuwa anabatizwa.

"Jumamosi hiyo kuna mashindano," Duane alisema. "Halafu kiwanja tumeshakilipia, Corinne, tukikiacha wazi tunatupa hela."

"Ni Kirsten, Duane. Ni mtoto wa Kirsten."

Duane alimtazama kwa muda, kama mtu anayesikia jina analohisi aliwahi kulisikia mahali. Kisha akasema sawa, nenda tu, uwasalimie. Corinne alikwenda peke yake. Kwenye picha za kanisani, upande wake mmoja pana nafasi, kama vile wote walikuwa wakingoja mtu asogee ndani.

Ilikuwa Agosti, mchana wa jua kali, wanaume wako ziwani, Corinne alipomwona mwanamke mrefu amesimama njiani mbele ya kiwanja. Alivaa kofia ya majani na alikuwa akivitazama vile vyungu vya maua. Kabla Corinne hajasema neno, kigari cha Ardis kikafika na kupunguza mwendo.

"Unatafuta ofisi, bibi?" Ardis alimuuliza mgeni kwa adabu. "Iko kulekule getini." Halafu akapaza sauti kumwelekea Corinne: "Vonnie, karata saa kumi, usituangushe!" Akaenda zake.

Mwanamke yule alibaki amesimama.

"Nilicheza naye karata kila Jumamosi, miaka na miaka," alisema. "Mimi ndiye LaVonne Kubiak. Vonnie mwenyewe."

Corinne akamkaribisha kiti kivulini na kumletea chai ya barafu. LaVonne hakuinywa. Alizungusha glasi mikononi akisema polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi ya maneno hayo ndani ya gari.

"Tulipokuja hapa, mimi na Gordy wangu, waliniita Bernice. Yeye wakamwita Ray. Tulicheka sana. Mwaka wa tatu nilikuwa nikiitwa Bernice nageuka."

"Bernice alikuwa nani?"

"Aliyenitangulia. Sikupata kumwona."

"Sasa kwa nini hamkuondoka?"

LaVonne aliyatazama maji. "Wewe unaishi nao, unajua. Nani mwingine amewahi kukupenda hivi? Gordy alipougua walikuja hospitali kwa zamu. Walimlisha, walimnyoa ndevu. Siwezi kukuambia ni watu wabaya. Siku ya mazishi walijaza kanisa. Padri aliposema 'ndugu yetu Gordon', jina lake la ubatizo, wakageukiana, kama padri kakosea maiti. Walimwita Ray mpaka jeneza linashuka." Akaweka glasi chini. "Baada ya hapo nikawaza, mimi nikifa watazika nani? Nikaacha kuja. Na kumbe nilipoacha kuja, ndipo kwao nikawa Vonnie, kupitia kwako. Leo nimekuja kuona kama yupo atakayenijua."

LaVonne akainuka, akarekebisha kofia.

"Mumeo anakuitaje?"

"Corinne."

"Basi muda upo bado," alisema, akaenda kwenye gari lake bila kugeuka nyuma.

Saa kumi Corinne alikwenda kwenye karata. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Alikaa kwenye kiti walichomwekea, na alishinda.

Oktoba ikafika na majani mekundu, kisha majani yakaanguka. Wikiendi ya kufunga kambi kila mmoja alikuwa nje akimwaga maji kwenye mabomba na kutia dawa ya kuzuia barafu, kwa sababu trela zote zilibaki pale wakati wa baridi. Renae alipita kiwanja kwa kiwanja akiuliza nani anarudi mwakani, na kila mtu alimjibu kwa kicheko, kama aliyeulizwa iwapo jua litachomoza. Corinne akamfuata Duane nyuma ya trela, alikokuwa anakunja mpira wa maji.

"Duane, mimi nataka tusirudi. Tuitoe trela leo. Nimechoka kulipia maisha ya watu wengine."

Hakuinua hata kichwa. "Acha hizo, Vonnie. Nishikie huku."

Corinne alingoja. Alingoja acheke, au ajishtukie, au aseme samahani ulimi umeteleza. Duane aliendelea kukunja mpira, akipiga mluzi wimbo uleule wa Verlyn.

Hapo akaenda kuchukua funguo za pikapu. Hakuwahi kuifunga trela mwenyewe, lakini alimtazama mumewe akifanya kazi hiyo miaka yote ile. Alikunja turubai la kivuli, akaondoa matofali chini ya magurudumu, akapandisha miguu ya chuma. Akarudisha gari, akakosa. Akashuka kuangalia, akarudisha tena, akakosa. Mara ya tatu ndoano iliingia mahali pake kwa kishindo.

Hakuna aliyekuja kumsaidia. Watu wale waliokuwa wakikimbilia hata kopo lililoanguka, sasa walitoka nje ya trela zao mmoja mmoja na kusimama kando ya njia, mikono inaning'inia. Hawakuwa na hasira. Walimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetembea usingizini ukimngojea arudi mwenyewe kitandani. Duane alikuwa amesimama kati ya Ardis na Verlyn.

"Gordy," Verlyn alisema taratibu, "mwambie mkeo supu iko tayari."

Corinne akashusha kioo.

"Wewe ni Duane Halvorsen. Mama yako alikuwa Inga, alikuwa akikuchapa kwa mwiko wa uji. Ulinioa siku ya theluji, gari likagoma kuwaka, tukaenda kanisani kwenye trekta la mjomba wako. Binti yako ni Kirsten. Ana mtoto hujamwona. Panda gari, Duane."

Duane alimtazama yeye, kisha akautazama moto uliokuwa unawaka kwa Verlyn, na sufuria juu yake. Ardis alikuwa amemshika ukingo wa mkono wa shati kwa vidole viwili, kidogo tu, kama anayemtoa uzi. Duane akapiga hatua. Vile vidole vikaachia. Akazunguka mbele ya pikapu, akafungua mlango, akapanda.

Hakuna aliyepunga mkono. Kwenye kioo cha pembeni Corinne aliwaona wakigeuka wote pamoja na kutembea kuelekea motoni.

Walikuwa wamefika kwenye kituo cha kwanza cha mafuta Duane alipouliza, kwa mshangao kabisa, "Kwani kwa nini unaendesha wewe?" Kisha akaanza kulia, na Corinne akaegesha gari na trela yake katikati ya uwanja wa kituo, ameziba pampu mbili, akamshika mpaka akatulia.

Majira yale ya baridi walikwenda Minneapolis mara nyingi. Duane alimbeba mjukuu kutwa nzima mpaka mgongo ukamkatalia. Habari za ziwa hawakuzigusa sana, ila siku fulani alisema anawakumbuka, na Corinne akasema hata yeye. Hilo lilikuwa kweli. Ijumaa jioni nyumba yao ilikuwa kimya, na jirani aliendelea kuijua rangi ya gari lao tu.

Mwezi Machi, theluji bado imejaa uwanjani, simu ikalia. Alikuwa Renae. Alisema kiwanja bado kipo, hajampa mtu, watu wanawaulizia. Nyuma ya sauti yake Corinne alisikia karata zikipigwa mezani, vicheko, mlango wa wavu ukifungwa kwa kishindo, na ndege wa ziwani wakiitana. Kambi ilikuwa imefungwa tangu Oktoba. Ziwa lenyewe bado lilikuwa barafu tupu.

"Ni Vonnie huyo?" sauti ya Ardis iliuliza kwa mbali, imejaa furaha. "Mwambie kiti chake tumekifuta vumbi."

"Umekosea namba," Corinne alisema, akakata.

Alibaki amesimama karibu na simu. Zile sauti zilimtisha, lakini kilichomtisha zaidi, na hakuwahi kumwambia Duane, ni kwamba kabla ya kukata alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza nani anaongoza kwenye karata.