Chuo Kilichofunguka Kwangu Tu

Usiku wa jana niliota niko kazini, jambo lililoniudhi hata kabla halijatokea lolote, kwa sababu ndoto hazina posho.

Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja mweusi usio na mwisho, mweusi kama kile kioo cha kompyuta ninachoandikia amri zangu kila siku. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Kabla tovuti haijapelekwa mtandaoni naijenga kwanza ndani ya kompyuta yangu, na kuna programu moja ndogo inayonisaidia. Haina picha wala vitufe. Unaiandikia neno, inatenda. Ukiiandikia upuuzi, inatenda upuuzi.

Katika ndoto programu hiyo ilikuwa kijiti cheupe, kile kinachongoja uandike kwenye kioo, kimesimama miguuni pangu kikipepesa. Kipo, hakipo, kipo, hakipo.

"Amri," kikasema Kijiti.

Kando yangu alisimama dada yangu Tusekile, futi ya kupimia shingoni. Huyu ni dada yangu wa kweli, hata nikiwa macho. Ameacha kushona sare kwenye karakana ya mtu, amepanga vyumba viwili hapa Mbeya afungue chuo chake cha ushonaji, na tovuti ya chuo naijenga mimi. Asipopata wanafunzi mwezi huu atarudi karakanani kuomba msamaha, na mwenye karakana ni mtu anayependa sana kuombwa msamaha.

"Mdogo wangu, mwambie huyo asimamishe chuo," akasema. "Usimwache anapepesa tu."

"Unda chuo," nikasema.

"Tayari."

Chuo kikawa kimesimama. Kilikuwa na kuta safi na vyerehani vinavyojiendesha, na juu ya mlango kulikuwa na bango lililosema *Habari, dunia!* Bango hilo sikuliomba. Programu hii huliweka kwenye kila inachokijenga, na dunia haijawahi kuitikia. Ndani, kwenye stuli, alikaa mzee aliyevaa suti isiyo na rangi.

"Mimi ni maoni ya mfano," akasema. "Nimewekwa ili mjue maoni ya wasomaji wa tovuti yanavyoonekana. Mkitaka mnaweza kunifuta."

"Shikamoo," akasema Tusekile.

"Marahaba. Au mnaweza kunihariri."

Dada akampa chai, maana mgeni ni mgeni. Kisha akaniuliza anwani ya chuo ili aiweke kwenye kadi. Nikampa ile ninayoitumia mwenyewe kila siku ninapojenga. Ni anwani fupi ya ndani ya kompyuta, na maana yake ni "hapa hapa ulipo". Sikufikiri mara mbili.

Mara tuko nje ya kanisa, ibada imekwisha. Tusekile anagawa kadi. Watu wanazipokea kwa mikono miwili, wanasoma, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanaondoka mbio kama wanaowahi nafasi. Tunarudi chuoni kuwasubiri. Dada amepika vitumbua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema mzee, akivitazama vitumbua.

Hakuna anayekuja. Chai inapoa, inapashwa, inapoa tena.

"Wameenda wapi?" dada anakiuliza Kijiti.

"Wamefika."

"Wamefika wapi?"

"Walipoelekezwa."

Ukuta wa chuo unajivuta pembeni kama pazia, na mbele yetu ni mtaani kwetu. Mama Lusajo, jirani yetu, amesimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, kadi mkononi, anapiga hodi. Mumewe anafungua.

"Karibu, mama Lusajo."

"Asante. Samahani, chuo cha ushonaji ndiyo hapa?"

"Hapa ni kwako."

"Kadi inasema hapa hapa."

Mumewe anaisoma kadi, anaigeuza nyuma, anakuna kidevu. "Basi ingia tukitafute. Nyumba yenyewe sijaikagua siku nyingi."

Wanatafuta mpaka chini ya kitanda. Wanapata ndala ya kushoto iliyopotea tangu Pasaka, wanafurahi sana, lakini chuo hakuna.

Mtaa mzima, kila mtu anapiga hodi kwake mwenyewe. Mchungaji, ambaye kadi imemkuta yuko ndani kwake, anabisha mlango wake kwa ndani na kujijibu "karibu". Binti mmoja anayeitwa Subilaga, aliyetamani siku nyingi kujifunza kukata magauni, amekaa kwenye kizingiti cha kwao analia.

"Nimefika wa kwanza," ananiambia, "na bado nimekosa nafasi."

Hapo niliumia. Nikamwomba kadi yake, nikaifuata mwenyewe. Ikanipeleka kwangu. Nikasukuma mlango, na chuo kilikuwa mle ndani, vyerehani vinanguruma, bango liko juu, mzee yuko kwenye stuli, kila kitu mahali pake.

"Dada!" nikaita kwa furaha. "Mbona kwangu kinafunguka!"

Sisi watengeneza tovuti sentensi hiyo tunaijua kuliko salamu, na mteja akilalamika ndiyo dawa ya kwanza tunayompa. Tusekile akaja mpaka mlangoni.

"Kwako kinafunguka," akasema. "Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Haya, kaa kwenye cherehani. Mwanafunzi ni wewe."

Akanikalisha, akanipa pini nizibane kwa midomo kama wafanyavyo mafundi. Nilipatwa na aibu mpaka masikio yakawaka, na mimi aibu ikinizidi hugeuka hasira.

"Hamisha chuo," nikakiambia Kijiti kwa pembe ya mdomo.

"Kwenda wapi?"

"Kwa watu!"

"Watu si anwani."

"Basi futa! Futa kila kitu!"

Kijiti kikaacha kupepesa. Sijawahi kukiona kimetulia vile.

"Nafuta chuo, vyerehani, mzee na mwenye chuo," kikasema. "Ndiyo au hapana? Ukinyamaza nitaelewa ndiyo."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mimi nimezoea," akasema. "Lakini huyu dada ana vitumbua jikoni."

Nikataka kusema hapana. Pini zikanizuia. Kila nilipojaribu kufungua mdomo zikaongezeka. Ukuta mmoja ukafifia, halafu wa pili. Namba zikaanza kupukutika kwenye futi ya dada. Mikono yake ikawa inapitisha mwanga, nami nikaona cherehani kupitia viganja vyake, na yeye anaendelea tu kukunja upindo. Niliogopa. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, nami nilikuwa namfuta kwa sababu ya aibu ya mchana mmoja.

"Usihangaike kusema nazo," akaniambia, kwa sauti ile ile anayofundishia. "Fundi hatoi neno kabla hajatoa pini. Toa moja moja."

Nikazitoa moja moja.

"Hapana," nikasema.

"Imesitishwa," kikasema Kijiti, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na simu ilikuwa inaita. Juu ya meza kompyuta ilikuwa wazi, kijiti kinapepesa kama kawaida yake.

"We Ambakisye, umelala mpaka saa hizi?" Alikuwa Tusekile. Nyuma yake nilisikia mashine. "Niko hapa kwa mchapaji. Ndiyo kwanza anaanza kadi zangu, na anwani nimempa ile uliyonitumia jana. Ila nimeijaribu kwenye simu yangu haifunguki. Ni simu yangu mbovu, au?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile ninalowapa wote. Nikafungua mdomo nilitoe, na kitu kikanichoma mdomo wa chini.

Nikakitoa, nikakiweka kiganjani. Ilikuwa pini ya fundi, yenye kichwa cha buluu. Mimi naishi peke yangu, na hata kifungo kikikatika nampelekea yeye.

"Amba? Bado upo?"

"Dada," nikasema, "mwambie mchapaji azime mashine. Simu yako ni nzima."