Mashavu ya Binti

Tangu ndugu yake amletee skrini pana, mama mpigachapa alikuwa na amani. Kila Jumapili mchana, akishaweka kando barua na kadi za wateja, alizungumza kwa video na bintiye aliyeolewa mbali, na binti alitokea na mashavu ya kujaa. Mama alimsifu kwamba amenawiri, naye binti akacheka tu. Mama mwenyewe, pale kwenye kona ya skrini, alijiona amekuwa pipa, akasema basi, uzee haupigi hodi.

Jumapili moja ndugu yake alikuja kula. Huyu ni fundi kompyuta, mtu asiyeweza kupita penye waya bila kuugusa. Aliona muhuri wa mteja kwenye skrini umekuwa kama yai. Dada yake alimwambia auache, kwenye karatasi unatoka duara na macho yake yamekwishazoea. Fundi, sahani mkononi, alieleza kwamba kila skrini ina idadi yake ya nukta, kwa upana na kwa kimo, na kadi ya video ndani ya kompyuta ndiyo inayotuma picha. Kadi hii haikuwekewa programu yake, kwa hiyo ilituma picha ya kizamani, karibu mraba, na skrini ikaivuta pembeni ili ijae. Dada alisema bahati ndugu yake hakuwa mwalimu, wanafunzi wangekuwa bado wamekaa darasani.

Fundi aliweka programu, akachagua kipimo cha skrini yenyewe. Skrini ilizimika, ikawaka. Muhuri ukawa duara.

Hawajamaliza kula, binti akapiga.

Uso uliotokea ulikuwa mwembamba, shingo mifupa mitupu. Mama alimlaumu ndugu yake kwamba ameharibu. Fundi alimwonyesha kwenye kona: mama si pipa tena, ni yuleyule wa kila siku. Mama alijitazama pale, kisha akamtazama binti, hofu ikamwingia.

"Tangu lini, mwanangu?"

Binti alijua ameonekana. Alisema mumewe aliondoka miezi minne iliyopita, na tangu hapo chakula hakipiti. Kila Jumapili alijipanga kusema, lakini kabla hajafungua mdomo mama anamsifia mashavu.

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Nikaona nikuachie."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema lolote juu ya mwana anayemchelea mama. Mpigachapa alilia wazi mbele ya wote wawili, kwa huruma na kwa uchungu wa kudanganywa huku yeye mwenyewe akisaidia. Kisha akasogea karibu na kamera.

"Njoo nyumbani," alisema. "Kama chakula hakipiti, usile. Lakini usile ukiwa hapa, nikikuona."