Simu Namba Kumi na Saba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Salvatory alikuwa ameshafika mbele ya kibanda cha Asumini cha kuchaji simu, mikono kwapani kwa baridi ya Agosti, akisubiri simu yake.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, baba Elina. Kumi na saba yako hii hapa. Ilijaa tangu jana saa moja."

Wazazi wa Asumini walihamia Bariadi kutoka Kondoa, lakini salamu za Kisukuma alizimudu kuliko vijana wengi wa mjini. Alibandua plasta yenye namba mgongoni mwa simu, akaibandika ukutani ili itumike tena jioni.

"Nikuulize tena. Unapopanga pana umeme, waya nimeuona mwenyewe. Kwa nini kila siku unalipia chaji simu iliyojaa?"

"Wezi, dada. Dirisha langu halina nondo."

"Wezi gani hao wanaokuonea wewe tu?"

Salvatory alicheka kwa mdomo, akaondoka haraka. Mwizi alikuwepo kweli, ila hakuwa wa kupitia dirishani.

Kwa miaka minne Salvatory alikuwa mtumwa wa picha za ngono. Alianza kwa kuonja kama wenzake, akaendelea akiwa chooni kazini, mwisho akawa anaangalia hata Joyness, mkewe, akiwa amelala ubavuni mwake. Mwezi wa tano binti yao Elina alishikwa na degedege. Joyness alimwita mumewe mara tatu, na Salvatory yuko choo cha uani na simu, amevaa spika za masikioni. Majirani ndio waliombeba mtoto. Elina alipona, lakini Joyness alimchukua akarudi naye kwao Lalago, na alichosema kilikuwa kifupi: "Nitakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Nitakuuliza mara moja tu kama umeacha, na utanijibu ukiniangalia usoni."

Leo ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo.

Salvatory alihangaika kuacha kuliko watu wanavyodhani. Alikwenda zahanati, muuguzi akamuuliza mbele ya foleni nzima anaumwa nini, akaona aibu, akasema kichwa. Akapimwa malaria, akapewa panado. Akauza simu, akanunua kitochi cha kupiga na kupokea tu. Wiki hiyohiyo Anatoli, msimamizi wa vibarua kwenye kiwanda cha pamba alikofanya kazi, akatangaza kwamba majina sasa yanaitwa kwenye grupu la WhatsApp: saa kumi na mbili kamili kila kibarua atume picha yake akiwa getini, asiyetuma nafasi yake inapewa mwingine. Akalazimika kununua simu kubwa tena, ya mkononi kwa mtu, kioo kimepasuka. Mara mbili akaanguka. Aliwahi kumwachia jirani simu, saa tatu usiku akaenda kuidai kwa uongo kwamba mama yake anaumwa. Asumini ndiye aliyemfaa, kwa sababu jioni akishafunga kufuli anaondoka na ufunguo mpaka ng'ambo ya mji. Kila siku iliyopita salama Salvatory alitia mbegu moja ya pamba kwenye kopo la maziwa. Sasa zilikuwa arobaini na moja, na alizipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake.

Alituma picha yake getini, akaingia kazini. Kazi ilikuwa kusukuma marobota ya pamba kutoka kwenye mashine hadi ghalani, vumbi la nyuzi likikaa kwenye kope na puani. Saa saba, wakati wa kula, simu ililia mfukoni. Akaitoa akidhani ni tangazo la zamu ya kesho. Ilikuwa koneksheni. Mtu wa zamu nyingine ameitupa grupuni, video chafu, na chini yake wenzake wamejaza vicheko. Salvatory alishaipanga simu isipakue vitu yenyewe, kwa hiyo alichoona ni picha yenye ukungu na mshale katikati. Ukungu ule haukumficha kitu. Mbele yake ghala halikuwa na watu, na nyuma ya marobota pangemficha. Alimpenda Joyness, na saa ile hakumkumbuka kabisa. Hiyo ndiyo iliyomtisha.

Akairudisha simu mfukoni, akatoka juani akikimbia, akamfuata Anatoli aliyekuwa anakula muwa kivulini.

"Bosi, hiyo video ya grupuni iondoe."

"Ina nini? Kwani wewe mtoto?"

"Basi niache nitoke grupuni, niwe naitika kwa mdomo hapa getini."

"Ukitoka grupuni umetoka kazini, Salvatory. Usiniletee ulokole, hapa ni kiwandani."

Lori la pamba mbegu, ile isiyochambuliwa bado, lilikuwa limeingia. Salvatory alijiunga na washushaji bila kuitwa na bila malipo, akashusha mpaka lori likaisha. Hamu ilipungua, haikuondoka. Mshale ulikuwa bado mfukoni, na alijua akigusa ili aufute, kidole hakitafuta. Alihesabu saa zilizobaki kufika kwa Asumini.

Alipofika, kibanda hakikuwepo. Mabati yalikuwa chini, ukuta mmoja tu wa mbao umesimama na rafu yake, nyaya zinaning'inia. Mgambo wawili walikuwa wanapakia simu za watu kwenye kreti la soda. Kijana wa ushuru, Mahona, shati limepigwa pasi, alikuwa anaandika daftarini. Asumini alikaa juu ya ndoo, mtandio umemwanguka mabegani.

"Kibali kiliisha Juni," alikuwa anasema, sauti imechoka. "Nimekuja ofisini kwenu mara tatu. Mara tatu mmeniambia mtandao unasumbua."

"Mama, sheria haingojei mtandao," Mahona akajibu. "Wenye simu waje kesho na faini. Vilivyokutwa ndani vyote vinalala stoo."

Watu walilalamika, mwingine alitukana. Salvatory alisimama akiwaza. Chumba chake kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, kina kitanda, kina umeme, na mtu hakuna. Akasogea mbele.

"Na hii."

Mahona akaiangalia simu. "Hiyo iko mkononi mwako. Tunachukua vilivyokutwa ndani."

Salvatory akaruka mabati, akaiweka simu kwenye ile rafu iliyobaki, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa imekutwa."

Watu wakacheka. Mahona hakupenda kuchekwa. Akaitupa kretini, akaandika kwa hasira. Asumini peke yake hakucheka. Alimtazama Salvatory, akajifunga mtandio.

"Baba Elina, si wezi, eh?"

"Si wezi, dada."

"Haya. Mungu akusitiri. Kalale."

Akalala, kwa shida, lakini akalala. Alfajiri akatia mbegu ya arobaini na mbili, akaenda getini. Anatoli alikuwa na simu mkononi.

"Hukutuma picha."

"Simu ipo stoo ya ushuru. Lakini mimi si ndiyo huyu mbele yako?"

"Nakuona. Grupu halikuoni. Nafasi nimempa mtu."

Saa mbili Salvatory alikuwa kwenye dirisha la ofisi ya ushuru, bila kazi, na elfu tano aliyoazima kwa mwenye nyumba.

"Hapa hatupokei taslimu," alisema Mahona. "Taja namba yako, namba ya malipo itatumwa kwenye simu."

"Simu mnayo nyie."

"Basi azima ya mtu." Mahona alikuwa anatelezesha kidole kwenye simu yake mwenyewe, anatabasamu kwa anachokiona. "Fanya leo. Kesho na keshokutwa tumefunga, na kila siku ikilala humu faini inapanda."

Salvatory alisikia king'ora cha kiwanda kikiita zamu isiyo yake. Kesho Joyness angeshuka stendi na mtoto, amkute mtu asiye na kazi. Aliogopa hilo. Lakini swali la Joyness lilikuwa moja tu.

"Na ilale," akasema, akaondoka dirishani.