Jino Lililobaki Cadzand

Dhoruba ya kaskazini-magharibi ilipiga pwani ya Cadzand siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, Jumanne ya mwisho ya Aprili mwaka 1996, kulikucha shwari, mbingu imetakata kama sahani iliyooshwa. Jozina de Hullu alikuwa jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Chupa ya kahawa alishaijaza, bolusi nne, zile keki za mdalasini zinazonata vidoleni, alishazifunga kwenye karatasi, na machekeche mawili ya unga, ya kuchekechea changarawe, yalikuwa mlangoni. Alichongoja ni kaka yake aamke tu.

Kaka mwenyewe, Izaak, alikuwa na siku ya sita ugenini kwake. Aliondoka nyumbani mwaka 1955 akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda Kanada na vijana wengine wa Zeeland, jimbo lao, waliochoka kugombea mashamba yasiyogawanyika. Tangu hapo alirudi mara moja tu, kumzika mama yao, baba akiwa ameshatangulia, siku nne za mvua na nyumba imefurika watu. Sasa mkewe alikuwa amefariki, useremala ameuacha, na alikuja kukaa majuma mawili. Jozina aliyangoja majuma hayo kama mtoto anavyongoja sikukuu. Lakini aliyemkuta uwanja wa ndege ni mzee mpole mwenye kofia ya mchezo wa besiboli, anayesema asante kwa kila kikombe cha kahawa, anayeomba ruhusa kufungua dirisha, na anayezungumza lugha ya kwao neno moja moja, kama mtu anayetembea juu ya barafu.

"Kaka, amka bwana! Bahari imechimba siku mbili nzima. Tukichelewa, wenzetu watatumalizia."

"Watatumalizia nini?" sauti ikauliza kutoka chumbani.

"Meno! Unadhani nini tena?"

Kitanda kikalia. "Asante, Jozina. Nakuja."

Asante tena! Jozina akaziba mdomo asije akatukana.

Walipanda tuta la kuzuia bahari polepole, maana nyonga ya Izaak ilikuwa mbovu, wakashuka ng'ambo ya pili. Maji yalikuwa yanakupwa. Zile safu za nguzo nyeusi zinazoingia baharini zilikuwa wazi hadi shingoni, na kando ya kila safu dhoruba ilikuwa imemwaga ukanda wa makombe na changarawe. Humo ndimo yanamokaa meno ya papa waliokufa kabla hajakuwapo mtu wa kuwaogopa. Yamegeuka jiwe, meusi, ya kijivu, mengine ya buluu, mengi hayazidi punje ya shayiri.

Kwenye safu ya tatu palikuwa na mtu amepiga magoti juu ya kipande cha zulia, mfuko wa vitunguu umening'inia shingoni. Adriaan Cappon huyo. Alisoma darasa moja na Izaak, na hakuna asubuhi ya baada ya dhoruba aliyowahi kulala.

"Jozina! Umeajiri mlinzi siku hizi?" akapaza sauti bila kuinuka.

"Ni Izaak, wewe. Izaak wetu."

Adriaan akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Izaak wa Kornelis? Mimi nilijua dubu walishakutafuna zamani."

"Walinionja wakanitema," Izaak akajibu.

Jozina akamgeukia ghafla. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kaka yake kuitamka bila kuipima.

"Karibu basi," Adriaan akasema. "Ila tuelewane mapema. Safu hii yangu."

"Safu ya tatu? Ilikuwa yangu hii!"

"Ilikuwa. Ukiinuka kitini kwa miaka arobaini na moja, usimuulize aliyekikalia."

Wakamwachia, wakaenda safu ya nne. Saa nzima ikapita. Jozina aliokota moja, akaokota jingine, mkono ukishuka na kupanda kama kuku anayedonoa. Izaak alitembea ameinama mpaka mgongo ukamuuma, akainua vipande vya kombe, akainua makaa, akainua kifuniko cha chupa. Jino hakuliona hata moja.

"Vipi, Mkanada?" Adriaan akauliza kwa mbali. "Kwenu huko papa wanazaliwa vibogoyo?"

Izaak akacheka, lakini masikio yalimwiva. Jozina akayaona yale masikio, moyo ukamrudi nyuma miaka mingi.

Zamani hizo Jumamosi ilikuwa yao. Wiki nzima Izaak alikuwa kwenye mashamba ya kitani na biti, mizizi ya kutolea sukari, pamoja na baba. Jumamosi alasiri alinawa shingo, akachukua mkebe wa tumbaku uliokwisha, akampigia mdogo wake mluzi. Jumapili ilikuwa ya Bwana. Baba yao, Kornelis, hakuruhusu mtu kuinama mara mbili kufunga kamba ya kiatu njiani kutoka kanisani, kwa kuwa alijua vizuri kinachotafutwa huko chini. Izaak ndiye aliyemfundisha Jozina kutumia macho. "Usilitafute jino, we mtoto," alikuwa akimwambia. "Ukilitafuta linajificha. Wewe tembea, tazama makombe, kilicho tofauti kitakuchoma chenyewe." Leo Jozina alitaka kumrudishia maneno hayo, akaona haya kumfundisha mwalimu wake.

Na kulikuwa na lile jambo jingine, lililomkosesha usingizi tangu barua ya kusema anakuja ilipofika.

Machi ya mwaka ule wa 1955 Izaak aliokota jino ambalo Cadzand nzima ilikuja kulitazama. Lilikuwa refu kama kidole cha kati cha Jozina, rangi ya kijivu chenye ubuluu, na kingo zake bado zilikuwa na msumeno wa kukata uzi. Akasema atakwenda nalo Kanada, liwe bahati yake. Jozina alikuwa na miaka kumi na minne. Siku tatu kabla ya safari alilitoa kwenye begi la kaka yake, akalifukia ndani ya pipa la mbegu za kitani. Hesabu yake ilikuwa fupi: bila jino haondoki.

Asubuhi ya safari alisimama chini ya ngazi akisikiliza. Juu, Izaak alikuwa anapindua godoro, anavuta droo, anasukuma kabati. Nje, baba alikuwa juu ya mkokoteni anaita: basi halimngoji mtu! Mama alishika aproni kwa mikono miwili. Mwishowe Izaak akashuka mikono mitupu, uso umemwiva, akampita mdogo wake bila kumtazama. Akaondoka. Barua ya kwanza ilieleza meli, treni na ng'ombe wa tajiri aliyemwajiri. Jino halikutajwa. Wala barua ya pili, wala ya ishirini. Jozina akajihukumu mwenyewe: kaka anajua, na ameamua kunyamaza.

Walipoketi pasipofika upepo, migongo ikiegemea nguzo, Jozina alimimina kahawa akampa. Kabla Izaak hajasema asante, mdogo wake akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya goti lake.

"Mimi ndiye niliyelichukua," akasema. "Nililificha kwenye mbegu za kitani. Nisamehe, kaka. Nilikuwa mtoto, lakini akili nilikuwa nayo."

Izaak akalichukua jino, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye msumeno wake.

"Zuri ajabu," akasema. "Umelipata wapi?"

"Nakwambia nililiiba! Ni lako. Lile la safu ya tatu."

Izaak akamtazama, akalitazama jino, akamtazama tena. "Jozina, nisikudanganye. Silikumbuki."

"Hulikumbuki?"

"Hata kidogo."

"Ulipindua godoro! Ulisukuma kabati mpaka dari likatoa vumbi! Mimi nilikuwa pale chini, Izaak, nilisikia kila kitu!" Sauti ilimpanda, Adriaan akainua kichwa, akakirudisha chini haraka. "Miaka arobaini na moja nala na kulala na dhambi hii, wewe unaniambia hukumbuki?"

Izaak akaweka kikombe mchangani. Akasugua nyonga.

"Kupindua nakumbuka," akasema. "Nilikuwa nasema natafuta kitu. Labda lilikuwa hilo. Lakini ukweli, nilikuwa sitaki kushuka. Kama lingekuwa mfukoni mwangu ningetafuta kingine. Soksi. Chochote. Nilikuwa namngoja baba apande ngazi aniambie basi, acha, baki."

"Hakupanda."

"Hakupanda. Alinipeleka kituoni, akanishushia begi, unajua alisema nini? 'Haya, mdomo mmoja umepungua.' Akageuza farasi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa baba, kwa sikio langu hili."

Jozina hakujua. Katika barua zote hakuandikiwa hilo. Akatazama bahari, na hasira aliyokuwa nayo dakika moja tu nyuma ikamponyoka.

"Sikiliza," akasema. "Siku ile baba aliporudi hakuingia ndani. Alichukua jembe akaenda shamba la biti, palilia, palilia, mpaka mama akamfuata na kahawa. Hakuinywa. Akaja mchungaji wa kanisa, akajibiwa kwa kichwa tu. Na barua zako je! Mama alizisoma mezani baada ya chakula, yeye kimya, unafikiri hasikii. Kisha barua inatoweka. Unajua nilimfuma wapi? Zizini. Anamsomea farasi."

"Unasema nini wewe?"

"Anamsomea Bles! Amevaa miwani ya mama, kidole kinafuata mstari. 'Sikia hapa, mzee,' anamwambia, 'anasema huko theluji inafika kiunoni.' Aliponiona akanifukuza, nisije nikamwambia mtu. Na sikumwambia mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Izaak akalirudisha jino juu ya leso. Akavua ile kofia ya besiboli, akajifunika nayo uso, mabega yakaanza kutikisika. Jozina hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka aliposikia sauti, na hata hapo hakuwa na hakika. Akamshika mkono. Wakakaa vivyo hivyo mpaka kahawa ikapoa.

"Farasi!" Izaak akasema akipangusa macho. "Mimi mwana, ninaambiwa mdomo umepungua. Farasi anasomewa barua."

"Farasi hakuwa na nauli ya kumkimbia," Jozina akajibu, na safari hii wakacheka kweli.

Hawakuwahi kuzungumza hivyo maishani. Izaak alimweleza majira yake ya baridi ya kwanza, namna alivyolala juu ya banda la ng'ombe kwa ajili ya joto lao, namna alivyokuwa akitembea maili mbili hadi sanduku la posta na kurudi bila kitu. Maneno yalimtoka kwa mkupuo, lahaja tupu ya Cadzand, ile ya zamani ambayo hata Adriaan alikuwa ameanza kuisahau. Jozina alimwacha aseme. Aligundua kwamba muda wote ule kaka yake hakuwa mpole. Alikuwa mgeni, kama alivyokuwa mgeni huko Kanada.

Maji yalipoanza kurudi, Izaak alijikokota kando ya safu ya nne akiendelea kusimulia, macho yakipita juu ya makombe bila nia yoyote. Ghafla akasimama. Akainama na nyonga yake mbovu, akaokota kitu.

"Adriaan! Njoo uone, kizee wewe!"

Adriaan akaja na zulia lake kwapani. Akakiweka kile kitu kwenye kiganja, akakisogeza puani, akatoa lenzi.

"Kombe," akasema.

"Kombe bibi yako."

Adriaan akatazama tena, kwa muda mrefu kupita ilivyohitajika. "Haya basi. Jino. Dogo, limevunjika, la kuaibisha. Lakini jino." Akamrudishia. "Kesho njoo safu ya tatu. Upande wa kushoto. Kulia usiguse."

Izaak alikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Juma la pili lilipokwisha alimpigia simu binti yake Ontario, akasimama ukumbini mwa nyumba na waya wa simu umemzunguka kiwiko, akamwambia asije kumpokea Alhamisi. "Mpaka kitani kitoe maua," alimwambia. Binti akauliza kitani ni nini, na baba yake akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza. Jikoni, Jozina alizima jiko ili supu isiungue, maana alijua maelezo hayo hayatakuwa mafupi.